Bosi anaogopwa hadi stoo inamdanganya: huu ni uongozi au ni nini?

Mtunza Stoo

Wakuu, salaam. Uzi ni mrefu. Mwenye haraka apite salama, mwenye bosi avute kiti.

Nipo kampuni moja ya usambazaji hapa Dar, upande wa ghala. Jina lake silitaji, na naomba msinichimbe. Mkurugenzi ndiye mwenye mali. Ni mchapakazi haswa: kabla ya saa moja asubuhi gari lake lipo getini, bei ya kila katoni anayo kichwani, na dereva akijaza mafuta pungufu anamjua kabla risiti haijafika kwa mhasibu. Kwa hayo sina ugomvi naye. Nimewahi kuwa chini ya bosi mpole asiyejua kazi, mishahara ikawa inaingia tarehe anazozijua Mungu. Upole ule haukutulipia kodi ya nyumba.

Kinachonileta ni kikao cha Jumatatu. Tunakaa wakuu wa vitengo, yeye kichwani mwa meza na karatasi ya mauzo. Anauliza, "Mzigo wa Mwanza umefika lini?" Mtu wa usafirishaji anajibu bila kupepesa macho: Alhamisi, bosi. Meza nzima inajua kwamba Alhamisi lori lilikuwa limelala Singida, springi imekatika. Tunajua kwa sababu dereva alipiga simu stoo kuomba hela ya fundi, tukamchangia. Ndiyo, tulichanga mifukoni mwetu kutengeneza gari la bosi, maana kumpa bosi taarifa ya gari bovu kunagharimu zaidi ya springi. Aliyempa taarifa kama hiyo safari iliyotangulia alisimamishwa wima kikao kizima, akaulizwa kama kwao kuna gari, na mwisho wa mwezi akakuta bili ya fundi kwenye mshahara wake.

Njoo sasa stoo. Katoni ya juisi ikivuja, utaratibu ni kuandika kwenye kadi ili itolewe kwenye hesabu. Nani ataandika, wakati anayeandika ndiye anayelipa? Kwa hiyo katoni inapanguswa, inageuzwa upande mkavu utazame nje, inasukumwa chini ya mrundo kule ukutani. Siku ya kuhesabu bosi anapita mwenyewe na kalamu. Anahesabu katoni, hafungui hata moja. Kitabuni mali imetimia. Kwa hesabu hizo anaagiza mzigo mpya, mteja wa Morogoro anapelekewa katoni nusu tupu, anapiga simu kutukana, bosi anashuka na moto mkubwa zaidi, na wiki inayofuata watu wanaficha zaidi. Mtu mkali kuliko wote mle ndani ndiye wa mwisho kujua kinachoendelea kwenye mali yake.

Sisemi bosi acheke na sisi. Nasema upo ukali unaolenga kazi: hesabu hii haijakaa sawa, rudia, naitaka saa kumi. Unachosha, lakini unatoka nao ukiwa unajua kitu. Na upo unaolenga mtu: unajua unaongea na nani, mjinga wewe, nani alikuleta hapa. Ukizoeleka huo, kazi ya kwanza ya kila mtu inakuwa kumsoma bosi usoni. Kwetu mlinzi wa getini ndiye mwenye taarifa ya thamani kuliko zote saa moja asubuhi. Anaangalia mlango wa gari umefungwaje, kisha anatuma alama moja tu kwenye kundi letu la WhatsApp: jua au wingu.

Leteni uzoefu. Na walioko upande wa mabosi karibuni pia, tusisengenye upande mmoja.

Karani wa Zamu

Nimeweka kambi hapa. Hiyo ya springi isikushangaze mkuu, ofisini kwetu tunachangia wino wa printa. Ukisema umeisha unaulizwa ulikuwa unachapa nini.

Mama Duka la Jumla

Nimesoma hadi mwisho nikasema na mimi niseme, maana humu kila siku bosi ni shetani.

Nina duka la jumla na vijana wangu wa kazi. Mleta uzi hajawahi kukesha akiwaza marejesho ya benki. Mwezi ukiisha mfanyakazi anadai chake hata kama biashara ilidorora, na mimi simwambii habari za kudorora, nakwenda kukopa namlipa. Nilianza kwa upole. Nikawaita wanangu, chai ya saa nne na chapati juu yangu. Sukari ikawa inapungua kiroba baada ya kiroba, nikiuliza naambiwa panya. Panya gani anabeba kiroba cha kilo 50 mzimamzima na kamba yake? Nikabadilika. Upungufu wowote unakatwa kwa waliokuwa zamu. Panya wakahama.

Wahenga walisema mali bila daftari hupotea bila habari. Msitake bosi awe mama yenu. Na jiulizeni, huyo bosi wenu angekuwa mpole, hizo katoni zingevuja, au zingeondoka kabisa?

Mtunza Stoo

Mama, heshima yako. Daftari nalikubali, ugomvi wangu ni nani analijaza. Kwako halikuwepo, ukaliweka, wizi ukakatika. Kwetu lipo, zuri, lina mistari na sahihi, na linasema uongo, kwa sababu kila anayeshika kalamu anajua akiandika ukweli atalipa yeye. Mwizi na aliyekuta katoni imevuja wamewekewa adhabu ileile. Mwizi angalau kaondoka na sukari.

Swali moja kwa nia njema: tangu uanze kukata kwa zamu, kuna kijana aliyewahi kukuletea habari ya kitu kilichoharibika kabla hujakiona mwenyewe?

Mama Duka la Jumla

Nina wateja sasa hivi.

Fundi Mabawa

Niongezee kutoka upande ninaoujua kidogo, usalama wa anga. Huko hili jambo limehesabiwa kwa maiti.

Wengi mnaikumbuka ndege ya Kenya Airways, KQ507, iliyotoka Abidjan kupitia Douala kwenda Nairobi. Usiku wa Mei 5, 2007 ilianguka muda mfupi baada ya kuruka Douala na kuua wote 114 waliokuwemo. Boeing 737-800, ilikuwa na miezi tu tangu itoke kiwandani. Iliangukia kwenye kinamasi cha mikoko, kilomita chache kutoka uwanjani. Uchunguzi uliofanywa Kameruni ulionyesha iliruka usiku wa dhoruba bila kibali cha mnara. Rubani mkuu aliamini mtambo wa kujiendesha umewashwa, kumbe haujawashwa, na ndege ikaanza kulalia kulia taratibu gizani bila mtu kuitazama, mpaka sauti ya onyo ilipolia. Hapo tena ilikuwa kuchelewa.

Rubani mkuu alikuwa na miaka 52 na saa zaidi ya 8,000 hewani. Msaidizi wake miaka 23 na saa 800 na kitu. Ripoti haikuishia kwenye mitambo, iliingia na kwenye tabia: mkubwa mwenye nafsi nzito, anayependa kuwatawala walio chini yake, na mdogo mpole asiye na ujasiri wa kumkosoa. Nikisoma kikao cha Jumatatu cha mleta uzi namwona yule kijana kwenye kiti cha kulia.

Miaka 30 kabla ya hapo, Machi 27, 1977, huko Tenerife, Boeing 747 mbili, ya KLM na ya Pan Am, ziligongana kwenye njia ya kurukia, watu 583 wakafa. Rubani wa KLM alikuwa mkufunzi mkuu wa kampuni yake kwa ndege hizo, sura yake ilikuwepo hadi kwenye matangazo yao. Alipokuwa anaondoka ndani ya ukungu, mhandisi wa ndege nyuma yake aliuliza kama Pan Am ameshatoka njiani. Akajibiwa kwa mkato kwamba ndiyo, katoka. Baada ya jibu hilo hakuuliza tena. Wewe ungeuliza?

1978 ikaja ya shirika la ndege la United kule Portland, Marekani: rubani mkuu anahangaika na magurudumu, wenzake wanamdokezea habari ya mafuta kwa adabu nyingi, mafuta yakaisha angani. Baada ya hapo mashirika yakaanza kufundisha marubani namna ya kusemeshana, United wakiwa na mafunzo yao tangu 1981, na leo huwezi kurusha abiria bila mafunzo ya aina hiyo. Ninachotaka mkione ni hiki: hawakuwaita wadogo peke yao wakaambiwa wawe majasiri. Na wakubwa wenye saa zao elfu nane walirudishwa darasani.

Msimamizi wa Kati

Kuna kundi hamjaligusa, sisi tulio katikati. Bosi ananitumia ujumbe saa tano usiku, "Ripoti iko wapi? Watu wako wamelala?" Kweli wamelala, ni usiku. Nina njia mbili: niusukume ujumbe kama ulivyo kwa kijana wangu aamke na moyo unadunda, au niumeze, niamke mimi niandike ripoti. Nikiusukuma, mimi ni mbaya. Nikiumeza kila siku, bosi anaamini ripoti ya saa tano usiku inawezekana, na kesho ataomba ya saa nane.

Nilichojifunza kufanya ni kujibu hivi: "Nimepokea bosi, utaipata saa tatu asubuhi." Simwambii haiwezekani, simwombi radhi, nampa saa. Mara nyingi anajibu "Sawa." Nadhani nusu ya ujumbe wa usiku si amri, ni wasiwasi wa mtu mzima asiye na wa kumwambia.

Sijasema wote. Yupo niliyemjibu hivyo akanipigia simu.

Mstaafu wa Chang'ombe

Vijana, mnaongea kana kwamba haya yameanza na WhatsApp.

Februari 1971 Halmashauri Kuu ya TANU, chama tawala wakati ule, ilitoa Mwongozo. Ilikuwa wiki chache tu baada ya Amin kuipindua serikali ya Uganda, kwa hiyo maneno mengi mle yalihusu ulinzi wa nchi. Lakini kifungu cha 15 tulikiona ni chetu sisi wa viwandani. Kilimkataza kiongozi majivuno, dharau na uonevu. Watu ambao hawakuwahi kukariri hata ratiba ya zamu walikikariri kile kifungu. Meneja akikuita mbwa, unamsomea.

Kuanzia hapo hadi 1973 zana ziliwekwa chini kiwanda baada ya kiwanda, na ukiuliza chanzo mara nyingi si mshahara, ni meneja aliyetukana watu. Wapo mameneja waliofungiwa geti nje. 1973 wenzetu wa kiwanda cha mpira cha Mount Carmel walikwenda mbali zaidi: walimwondoa mwenye kiwanda wakaendesha wenyewe, na safari ile serikali ikawaunga mkono. Wa kiwanda kingine walipojaribu kuiga waliona uso wa pili wa serikali ileile, wakafukuzwa kazi. Chama kilitupa maneno ya kumsemesha bosi, kikashtuka tulipoyatumia.

Na msidhani wa mashirika ya umma walikuwa nafuu. Hawakuwa na hisa hata moja, lakini walikuwa na gari la shirika, nyumba ya shirika na katibu muhtasi wa kukuambia "mzee yuko kikaoni". Wengine waliwazidi kwa ukali wenye viwanda waliowatangulia.

Hapa Kazi Bado

Mnachekesha. Nchi hii bila kiboko haiendi. Novemba 2015 JPM, Rais Magufuli, siku ya kwanza ofisini alitoka Ikulu kwa miguu hadi Wizara ya Fedha, akakuta viti vitupu. Baada ya hapo nani alichelewa kazini? Yule wa dirishani aliyekuwa anakuambia njoo kesho alianza kusema karibu mzee, nikusaidie nini.

Karani wa Zamu

Na hofu ilileta nini kingine? 2016 mikoa ilipoagizwa kuhakiki watumishi hewa, taarifa ya Shinyanga ikasema hawana hata mmoja. Uhakiki uliporudiwa wakaonekana 45, na mkuu wa mkoa akatumbuliwa hajamaliza hata mwezi kwenye kiti. Jiulize ile sifuri ilianzia wapi. Kuna mtu huko chini alijua, akaona heri wakubwa wafurahi leo.

Hapa Kazi Bado

Umejipiga ngwala mwenyewe mkuu. Pale hakuadhibiwa mtu kwa kuleta habari mbaya. Iliadhibiwa habari nzuri ya uongo. Si ndicho mleta uzi anachokililia siku zote?

Mtunza Stoo

Hapo umesema kitu. Kweli, bosi anayeichukia sifuri ya uongo kuliko 45 ya kweli anafundisha jambo sahihi. Lakini wa chini lazima aone pande zote mbili: aliyedanganya kaondoka, na aliyeleta idadi mbaya ya kweli yupo, kapona, tena kashukuriwa. Huo upande wa pili huwa hautangazwi. Akiona kichwa kimeanguka tu, anachoondoka nacho ni kwamba hizi namba ni za hatari, kaa nazo mbali. Watu wa stoo kwetu hawakumbuki kosa lilikuwa lipi. Wanakumbuka nani alisimamishwa wima.

Siasa tuishie hapo, tutahamishiwa jukwaa lingine.

Bwana Kifungu

Mtunza Stoo, hiyo bili ya fundi kwenye mshahara ina sheria yake. Sheria ya Ajira na Mahusiano Kazini Na. 6 ya 2004, kifungu cha 28. Mwajiri hakati mshahara anavyojisikia. Ili akate kwa ajili ya hasara, hasara iwe imetokea kazini kwa kosa lako, akueleze kwa maandishi chanzo na kiasi, akupe nafasi ya kupinga, deni lisizidi hasara yenyewe, na makato yasizidi robo ya mshahara wako. Gari liharibike njiani akatwe aliyeleta taarifa, hapo hata kigezo cha kwanza hakivukwi. Mama Duka nisamehe, lakini kukata zamu nzima bila kujua nani kakosa kuna shida hiyohiyo.

Mengine haraka haraka. Saa za kawaida ni 45 kwa wiki na 9 kwa siku. Ovataimu ni ya makubaliano, inalipwa mara moja na nusu, na haizidi saa 50 katika mzunguko wa wiki nne. Ujumbe wa saa tano usiku unaodai kazi ifanyike usiku huo ni kazi, hata kama umeandikwa ukiwa kitandani.

Ukiachishwa isivyo haki una siku 30 tu za kufika CMA, Tume ya Usuluhishi na Uamuzi. Nimeona watu wenye kesi nzuri wakizitumia zote kumbembeleza bosi kupitia mjomba wake. Na nyie mnaoambiwa "andika mwenyewe barua ya kuacha kazi, tusikuharibie jina", sikilizeni vizuri. Sheria inatambua kwamba mtu akiacha kazi kwa sababu mwajiri amefanya mazingira yasivumilike, huko ni kuachishwa. Ila kuthibitisha ni juu yako, na utaulizwa kama ulilalamika kwanza kwa njia zilizopo ofisini kwenu. Kwa hiyo lalamika kwa maandishi, tarehe, nakala yako nyumbani. Manung'uniko ya korido hayana ukurasa. Aliye chini ya miezi sita kazini awe mwangalifu zaidi, kinga ya kuachishwa isivyo haki haijamfikia.

Binti Mlandizi

Wanaume mnaongelea bosi anayefoka. Sisi tuna mwingine, hafoki kabisa. Anakuita kwa jina la upole, anakukumbusha mkataba wako unaisha mwezi ujao, halafu anasema tuuzungumzie Jumamosi, sehemu tulivu nje ya ofisi. Huyo mnamweka kundi gani?

Bwana Kifungu

Huyo mtoe kwenye mjadala wa mitindo ya uongozi, hiyo ni jinai. Sheria ya Kuzuia na Kupambana na Rushwa ya 2007, kifungu cha 25: mwenye mamlaka kudai ngono ili akupe ajira, cheo au haki yako. Usimtukane, usifute ujumbe wake hata mmoja. TAKUKURU, simu 113, na uwahi kabla ya hiyo Jumamosi.

Wa Changamwe

Huku kwetu Kenya, Sheria ya Ajira ya 2007 kifungu cha 41 inamtaka mwajiri kabla ya kukufuta kwa utovu wa nidhamu akueleze sababu kwa lugha unayoielewa, na una haki ya kuingia na mfanyakazi mwenzako au mtu wa chama. Nzuri sana hiyo haki. Mimi siku yangu ilipofika nilimwendea rafiki yangu tuliyekula naye mahamri kila asubuhi, nikamwambia twende ndugu, kaa tu, hata usiseme. Akaniangalia akaniambia ana mtoto kidato cha pili.

Sikumlaumu. Nilimlaumu kidogo.

Aliyeko Maskati

Nyie mna bosi wa mchana. Huku arbabu, yaani mwajiri, kashika na viza. Zamani ukitaka kuhamia kwa mwajiri mwingine ulihitaji barua yake ya kutokuwa na pingamizi, na bila barua unarudi kwenu ukakae kwanza. Oman wakaiondoa kuanzia Januari 2021 kwa aliyemaliza mkataba wake. Nilikuwepo kabla na nipo baada, na nakwambieni sauti za mabosi zilishuka. Si sana, usije huku na matumaini makubwa. Lakini ile sheria haikumfundisha mtu adabu hata neno moja, ilifungua mlango wa kutokea tu. Bosi akijua unaweza kuondoka Jumapili, Alhamisi anakusalimia.

Dereva wa Tunduma

Mabosi wasidhani wana nguvu peke yao. Ukinidhalilisha mbele ya utingo wangu, sigombani na wewe. Naendesha kwa sheria. Spidi ya kibao, mizani zote napanga foleni kwa utulivu, tairi nakagua kila nikisimama, usiku nalala. Mzigo uliozoea kuupata Jumatano utaupata Ijumaa, na huna karatasi ya kuniadhibu nayo, kila kitu nimefuata kama ulivyokiandika mwenyewe kwenye mkataba. Anayeumia ni mteja asiye na kosa, hilo nalijua.

Karani wa Zamu

Mtunza Stoo, wewe mwenyewe umewahi kumwambia bosi haya, au tunaambiwa sisi tu?

Mtunza Stoo

Nimemwambia. Sikwenda kulalamika, nilikwenda na namba. Nilisubiri kikao kiishe na watu watoke, nikamwekea mezani orodha ya mizigo iliyorudishwa na Morogoro, na pembeni hesabu ya stoo ya tarehe zilezile. Nikamwambia mzee, hizi mbili haziwezi kuwa kweli zote, na sababu ni kwamba watu wanaogopa kuandika kilichoharibika.

Alizisoma polepole sana. Akavua miwani. Nikajua sasa ataniuliza ni katoni ngapi, au zilikaa wapi. Akauliza, "Nani mwingine anajua?"

Nikamjibu kwamba nimezichambua peke yangu. Akazikunja akatia mfukoni, akasema nikaendelee na kazi. Jumatatu iliyofuata hakumsimamisha mtu. Jumatatu ya baada yake alimsimamisha mhasibu. Kwa hiyo sijui niwaambie nini, labda mtu mzima habadiliki kwa karatasi mbili. Ila orodha hakuichana, iko kwenye droo yake, mhudumu wa usafi kaiona.

Fundi Mabawa

Hiyo "nani mwingine anajua" imenisisimua mwili. Anatafuta tundu la habari limetokea wapi, katoni baadaye.

Mama Duka la Jumla

Nimerudi. Lile swali la Mtunza Stoo lilinikera nikakosa usingizi. Jibu ni hapana, hakuna aliyewahi kuniletea.

Basi niliwakusanya vijana nikawaambia hivi: kilichoharibika ukiniambia siku hiyohiyo, na kipo nikione kwa macho yangu, ni hasara ya duka, sikukati. Nikikikuta mwenyewe baadaye, ni cha zamu. Mwanzoni walikuwa wananiangalia kama nawatega. Wa kwanza kuja ni yule mdogo kabisa, kaleta trei ya mayai imekaliwa, anatetemeka. Nikaandika, nikamwambia kawakaangie wenzio yaliyobaki mazima. Baada ya hapo wakamwagika: chupa za mafuta, sabuni zilizolowa, biskuti zilizopita tarehe, mpaka mume wangu akasema unaona sasa, umewafungulia waharibu. Nikamwambia hivi vitu vilikuwepo siku zote, tulikuwa tunavilipia bila kuviona. Kubwa kuliko yote, bati la nyuma linavuja juu ya unga. Vijana wanajua tangu masika. Mimi nilikuwa nabadilisha msambazaji nikidhani ananiletea unga wa ukungu.

Bwana Kifungu

Hongera mama. Ila kile kipengele cha pili, cha kukata zamu nzima, bado kinagongana na kifungu cha 28.

Mama Duka la Jumla

Kigongane kwanza, bati halijazibwa. Tutaongea, mwanasheria wangu. Na yule wa viroba vya sukari nilishamfukuza, huyo msije mkamtafutia kifungu.